Moto au Udhibiti: Umchague Nani Kati ya Warushaji Wawili Chipukizi wa Besiboli?

Ukicheza fantasi ya besiboli (mchezo wa kuunda timu yako ya wachezaji halisi na kupata alama kwa takwimu zao), ya aina ile ya kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka, swali hili litakufikia kabla msimu haujafika katikati. Nafasi ni moja, vijana ni wawili. Wa kwanza ana miaka 19, katoka sekondari, anarusha maili 98 kwa saa (kama kilomita 158), na kila anayemwona anabaki mdomo wazi. Wa pili ana miaka 22, katoka chuo kikuu, mpira wake wa kasi unagota maili 92, hakuna anayemrekodi kwa simu, lakini ni nadra kumpa mtu besi ya bure, yaani kurusha mipira minne mibaya hadi mpigaji aende besi ya kwanza bila kupiga. Wote wawili wako Single-A, ngazi ya chini ya ligi ndogo. Umchukue nani?

Jibu langu nalitoa mapema: mara nyingi namchukua wa pili. Wengi husema wa chuo ni salama, mimi sisemi hivyo, maana hakuna mrushaji aliye salama. Ninachoangalia ni upungufu wa kila mmoja, na kama upungufu huo unatibika. Siku hizi kasi inaongezwa kwa mazoezi ya nguvu na programu za kurusha mipira yenye uzito tofauti. Jinsi mpira unavyopinda nayo inarekebishwa, kwa kamera za mwendo wa haraka na vipimo vya mzunguko. Lakini kumfundisha mtu mwenye miaka 20 kuupeleka mpira anakotaka, mara tisini kwa usiku mmoja, bado ni kazi inayowatoa makocha jasho.

Kwa ambaye ngazi hizi bado ni ngeni kwake: timu za Ligi Kuu ya Marekani ni 30, na tangu mpangilio mpya wa mwaka 2021 kila moja ina timu nne za ligi ndogo zinazocheza msimu mzima. Zinapanda hivi: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Chini yake kuna ligi za kambi huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Wamarekani huingia kwa drafti inayofanyika kila mwaka. Vijana wa nchi nyingine husajiliwa moja kwa moja, wengine wakiwa na miaka 16 tu.

Kolek na Nola

Ukitaka kuona chaguo hili lilivyofanyika kwa fedha halisi, angalia drafti ya 2014. Miami Marlins walikuwa na nafasi ya pili. Walimchukua Tyler Kolek, kijana wa sekondari kutoka Shepherd, Texas, mwenye mwili wa kuzuia mlango na mpira uliokuwa unafika maili 100. Walimpa dola milioni 6. Nafasi tano baadaye Philadelphia Phillies wakamchukua Aaron Nola wa chuo kikuu cha Louisiana State, mrushaji ambaye kasi yake ilikuwa ya kawaida lakini alijua kuucheza ukingo wa eneo la straiki, yaani eneo la juu ya besi ya nyumbani ambamo mpira huhesabiwa kuwa mzuri. Yeye alipata dola milioni 3.3.

Julai 2015, mwaka mmoja na kidogo baada ya drafti, Nola alikuwa tayari Ligi Kuu. Mwaka 2018 alimaliza wa tatu katika kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya ligi yake. Kolek hakuwahi kufika. Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, lakini dalili mbaya ilikuwa imeonekana kabla. Msimu wake mzima wa kwanza, 2015 kule Greensboro, mtu mwenye mkono wa maili 100 alikuwa anawatoa kwa straiki tatu wapigaji pungufu ya mmoja kwa iningi (awamu ya mchezo; mchezo mzima una tisa). Hapo ndipo pa kusimama na kujiuliza. Kama watoto wa Single-A wanaugusa mpira wako wa maili 97, basi ama umenyooka mno, ama wanauona mapema mkononi, ama hawana haja ya kuhangaika na kitu kingine kwa sababu huna kitu kingine.

Juu ya Kolek, kwenye nafasi ya kwanza kabisa, Houston Astros walikuwa wamemchagua Brady Aiken, naye wa sekondari. Hawakuelewana baada ya vipimo vya afya, hakusaini, na Machi 2015 kiwiko chake kikafanyiwa upasuaji. Baadaye Cleveland walimchukua, ila naye hakufika Ligi Kuu. Kwa hiyo nafasi mbili za kwanza za mwaka ule zilikwenda kwa mikono ya moto ya sekondari na zikaishia patupu. Carlos Rodón wa tatu, Nola wa saba na Kyle Freeland wa nane, wote wa chuo, wote walifika.

Nisikudanganye kwamba mambo huwa hivyo kila mara. Mwaka mmoja tu kabla, Astros walimchagua wa kwanza Mark Appel wa Stanford, mrushaji wa chuo aliyeonekana kamili kila upande. Mwaka 2018 akaacha mchezo kwa muda, na alipopanda kilima cha Ligi Kuu kwa mara ya kwanza alikuwa na Phillies, mwaka 2022, akiwa na miaka 30. Na katika drafti hiyohiyo ya 2014, St. Louis Cardinals walimpata Jack Flaherty kutoka sekondari katika nafasi ya 34. Ila kumbuka Flaherty hakuwa wa moto. Alikuwa kijana wa sekondari anayerusha kama mtu wa chuo.

Namba za kusoma, na za kuruka

Watu wengi huanza na ERA, yaani wastani wa pointi zinazohesabiwa kuwa za mrushaji mwenyewe kwa kila iningi tisa. Kwa Single-A mimi naisoma mwisho. Nyuma yake wanacheza mabeki wa miaka 19 wanaopoteza mipira rahisi, na viwanja havilingani. Ukifika Triple-A ndiyo balaa zaidi: Albuquerque iko juu karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unapaa. (Nairobi iko juu zaidi ya hapo. Siku ikijengwa ligi ya kulipwa pale, warushaji watalia.)

Anza na vitu viwili. Katika kila wapigaji mia, wangapi anawatoa kwa straiki tatu na wangapi anawapa besi ya bure? Toa ya pili kwenye ya kwanza. Nikiona 20 au zaidi kwa kijana wa Single-A, naendelea kusoma. Nikiona 8, sijali anarusha maili ngapi.

Halafu umri. Huyu wa miaka 19 anapambana na wapigaji wengi waliomzidi mwaka mmoja au miwili. Wa miaka 22 anawapiga chenga wadogo zake. Ni haki kabisa kumkata wa chuo alama hapa. Kama mrushaji wa chuo aliyecheza dhidi ya vyuo vikubwa hawazidi wazi vijana wa Single-A, kuna tatizo, na kama timu yake imemwacha hapo miezi minne bila kumpandisha High-A, huenda nao wanaliona. Kwa mtu wa chuo, mtihani wa kweli ni Double-A. Huko wapigaji wanaacha mpira unaoanza ndani ya eneo na kuishia chini, na kama ujanja wako wote ulikuwa kuwadanganya watoto, utaumbuka ndani ya wiki sita.

Shane Bieber ndiye mfano ninaoupenda upande huu. Cleveland walimpata raundi ya nne mwaka 2016, kutoka UC Santa Barbara. Mwaka 2017, katika iningi 173 na sehemu, alitoa besi za bure 10. Kumi, msimu mzima. Ripoti zilisema kasi yake ni ya kawaida, upeo wake ni kuwa mrushaji wa nne au wa tano kwenye kikosi. Kisha kasi ikaongezeka kidogo, mipira yake ya kupinda ikawa mikali, na mwaka 2020 akachukua Cy Young kwa kura zote. Kilichomfikisha hapo ni kwamba kila alichoongezewa alikuwa na mahali pa kukiweka. Mrushaji asiye na udhibiti ukimpa slaida mpya (mpira wa kasi kiasi unaokwepa pembeni), umempa njia nyingine ya kukosea.

Upande wa pili, mfano ni Clayton Kershaw, na huu lazima niutaje kwa sababu unaivuruga hoja yangu. Los Angeles Dodgers walimchukua wa saba mwaka 2006 kutoka sekondari ya Highland Park, Dallas. Mwaka 2007 akiwa Great Lakes, umri miaka 19, alitoa kwa straiki wapigaji 134 katika iningi 97 na sehemu, huku akigawa besi za bure 50. Hizo ni karibu tano kwa kila iningi tisa, nyingi sana. Mei 2008 alikuwa Ligi Kuu, na baadaye akachukua Cy Young tatu. Sasa mlinganishe na Kolek, maana wote walikuwa wa sekondari, wakubwa wa mwili, wachaguliwa wa juu, wagawaji wa besi za bure. Tofauti iko kwenye ile namba ya kwanza. Kershaw alikuwa anawatoa kwa straiki zaidi ya 12 kwa iningi tisa, na mpira wake wa kupinda ulikuwa hauguswi. Yaani alipokosea alikosea mwenyewe. Alipopatia, mpigaji hakuwa na jibu.

Kwa hiyo ukiamua kumchukua wa moto, besi za bure unaweza kumsamehe akiwa na miaka 19. Usimsamehe kushindwa kuwatoa wapigaji kwa straiki tatu.

Ukienda uwanjani

Tiketi za Single-A ni rahisi na viti vya nyuma ya besi ya nyumbani hupatikana. Hapo utawakuta vijana wawili au watatu wenye fulana za timu, mmoja kashika tochi ya kupimia kasi kama ile ya trafiki wetu wa barabara kuu, mwingine anaandika. Hao ni warushaji wa timu hiyohiyo wasiocheza siku hiyo. Wanarekodi kila mpira. Kaa jirani nao, chungulia namba kwa adabu, kisha acha kutazama tochi na utazame glavu ya mdakaji.

Mdakaji anaweka glavu mahali kabla mpira haujarushwa. Hesabu ni mara ngapi inabidi aisogeze mbali. Wa chuo mzuri ataikosa kwa upana wa kiganja. Wa moto utaona mdakaji anaruka, anapiga magoti, anaufuata mpira nje ya sahani. Hilo peke yake halitoshi kumhukumu. Angalia anakosea upande gani. Akikosea kila mara upande mmoja, juu na upande wa mkono wake, basi kuna kitu kimoja kinachovuja, pengine bega linafunguka mapema, na kitu kimoja kinarekebishika. Akikosea huku na huku bila mpango, ujue mkono unatoka mahali tofauti kila mara. Huyo mimi namwacha.

Tazama pia mguu wa mbele unapotua. Warushaji wenye udhibiti huacha alama moja kwenye udongo. Ifikapo iningi ya tatu kuna kishimo. Wasio na udhibiti huacha vishimo vitatu.

Subiri mtu afike besi. Wakati hakuna mkimbiaji, kila mtu ni mzuri. Mkimbiaji akisimama besi ya kwanza, mrushaji analazimika kufupisha mwendo wake, na hapo vijana wengi hupoteza maili mbili au tatu na slaida inakuwa bapa. Kisha subiri iningi ya nne, wapigaji wanapomrudia kwa mara ya pili. Kijana wa moto aliyefungua mchezo kwa maili 98 na sasa yuko 94 anakuambia wazi kwamba huenda atakuwa mrushaji wa akiba, wa kuingia iningi moja mwishoni. Si aibu, ni ajira nzuri tu, ila kwenye fantasi yako thamani yake inashuka zaidi ya nusu.

Na mwisho, aina ya tatu ya mpira. Mpira wa kasi na slaida vinatosha dhidi ya mpigaji wa upande wako, yaani wa kulia kwa wa kulia. Mrushaji wa mkono wa kulia akikutana na wapigaji sita wa mkono wa kushoto anahitaji chenjiapu (mpira wa polepole unaorushwa kama wa kasi) au kitu cha kufanana nayo. Wa moto wengi hawajawahi kuihitaji, maana sekondari hakuna aliyeweza kugusa ule wa kwanza. Usidai chenjiapu nzuri kwa miaka 19. Angalia kama anathubutu kuirusha. Akiirusha mara nane kwa usiku na tano zikawa mbaya, mimi nafurahi kuliko yule ambaye hajairusha kabisa.

Asiyeweza kufika uwanjani ana Baseball Savant, inayoweka hadharani vipimo vya Triple-A na vya ligi ya Single-A ya Florida. Kasi, mzunguko, kushuka kwa mpira, vyote vipo. Ripoti za wasaka vipaji nazo husomeka kirahisi ukijua mizani yao ni ya 20 hadi 80, na 50 ni wastani wa Ligi Kuu. Utaona namba mbili: alivyo leo na anavyoweza kuwa. Udhibiti ukiandikwa 30 leo na 50 kesho, ile 50 ni matumaini ya mwandishi. Soma ile 30.

Kiwiko hakichagui

Hapa tofauti kati ya wawili hawa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Upasuaji wa Tommy John, wa kupandikiza ukano mpya kwenye kiwiko, ulifanywa kwa mara ya kwanza na Dkt. Frank Jobe mwaka 1974, na leo ni jambo la kawaida kiasi kwamba inabidi uingize kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Kupona ni miezi 12 hadi 18. Kasi kubwa inauchosha ukano zaidi, ndiyo, lakini Bieber mwenye adabu zake zote alifanyiwa Aprili 2024.

Ninachoangalia ni upasuaji umeangukia wapi katika safari. Hunter Greene alichukuliwa wa pili na Cincinnati Reds mwaka 2017, kutoka sekondari, maili 102. Akapasuliwa 2019, akaonekana Ligi Kuu Aprili 2022, akachaguliwa kwenye All-Star, mchezo wa nyota wa ligi, mwaka 2024. Aliyemchukua kwenye fantasi siku ya drafti alisubiri miaka mitano bila iningi hata moja. Kama ligi yenu ina benchi refu, sawa. Kama ina nafasi tano za chipukizi, miaka mitano ni mingi mno.

Na usimtupe wa chuo aliyekwishapasuliwa. Tarik Skubal alifanyiwa upasuaji mwaka 2016 akiwa Seattle University, na ndiyo maana Detroit Tigers walimkuta bado yupo raundi ya tisa mwaka 2018. Mwaka 2024 alichukua Cy Young. Jacob deGrom naye ni wa raundi ya tisa, 2010, kutoka Stetson, ambako alikuwa shortstop, beki wa kati ya besi ya pili na ya tatu, kabla ya kugeuzwa mrushaji. Akapasuliwa mwaka uleule, na Cy Young zake mbili zikaja 2018 na 2019. Mkono ambao haujarusha sana utotoni una akiba.

Kuna saa nyingine inayokwenda kimyakimya. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini, timu yake ina misimu mitano kabla ya kulazimika kumweka kwenye orodha ya watu 40 wa kikosi cha Ligi Kuu, la sivyo timu nyingine inaweza kumchukua. Aliyesajiliwa na 19 au zaidi, misimu minne. Mwaka wa mwisho wa saa hiyo ukikaribia, timu huanza kumhamishia kijana wa moto kwenye akiba ili angalau afike. Ukiona mrushaji wako wa miaka 22 ameanza kuingizwa iningi ya saba, hiyo ndiyo habari yenyewe, hata kama taarifa ya klabu inasema wanampumzisha mkono.

Wanapokuwa si wa sekondari wala chuo

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumfuatilia aina ya tatu. Uganda ilipeleka timu ya watoto ya Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika, na mwaka 2022 Dodgers wakasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Pittsburgh Pirates nao walimsajili Mganda David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia ambaye mpira wake wa kasi unapita maili 95.

Kwa kijana kama Matoma, mizani yangu ya juu inabadilika. Umri wake usiulinganishe na wa Mdominika aliyelelewa kwenye akademi tangu utotoni, wala wa Mmarekani aliyecheza michezo mia kabla ya sekondari. Wapigaji wazuri wengi anawaona kwa mara ya kwanza akiwa tayari analipwa. Kwa hiyo simlinganishi na mwenzake wa miaka hiyohiyo, namlinganisha na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita: besi za bure za Aprili na Mei dhidi ya za Julai na Agosti, na aina yake ya pili ya mpira, je, anautumia akiwa amekwisha kurusha mipira miwili mibaya au anaurudia ule wa kasi kwa woga?

Kwenye fantasi ya timu 12, bado ni mapema kumchukua. Kwenye ligi ya timu 30 yenye benchi la chipukizi thelathini, ningemweka mbele ya wa chuo yeyote anayerusha maili 90 na anayetoa kwa straiki tatu pungufu ya mpigaji mmoja kwa iningi, kwa sababu huyo wa chuo ana udhibiti tu, na udhibiti bila kitu cha kumfanya mpigaji aukose mpira huishia Triple-A.

Na wale wawili wa mwanzo? Kama wa miaka 19 anatoa wapigaji 30 kwa kila 100 kwa straiki na makosa yake yote yanaangukia upande mmoja, mchukue yeye. Vinginevyo chukua wa chuo, na umpe hadi Double-A.